Padre Martínez wa Taos

Leo twamkumbuka Antonio José Martínez, aliyezaliwa New Mexico mwaka 1793, wakati wa utawala wa Hispania. Alioa, mkewe akafa upesi. Ndipo akashika njia ya upadre. Huko Taos, mji wa milimani, alifungua shule nyumbani mwake mwaka 1826, akawapigia watoto chapa vitabu vya Kihispania, lugha ya mama zao. Tena alipinga maskini kulemewa na zaka.

Mwaka 1848 nchi ikawa ya Marekani. Akaja Askofu Lamy, Mfaransa, akaidai zaka kwa nguvu. Wakashindana, hata Martínez akatengwa na kanisa. Lakini wengi hawakumwacha, naye akawahudumia mpaka alipofariki mwaka 1867.

Nasi wachungaji tujiulize: tukivuliwa cheo, je, kondoo wataijua bado sauti yetu?