Kipofu wa Gallipoli Aliyefika Uganda

Wasomaji wetu wamekwisha kusoma habari za majemadari wengi. Leo nawaletea habari za askari wa kawaida ambaye vita vilimpokonya macho, na ambaye kazi yake ilifika hadi kwa jirani zetu wa Uganda. Jina lake ni Clutha Mackenzie.

Alizaliwa New Zealand mwaka 1895. Babake, Thomas Mackenzie, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo kwa muda mfupi mwaka 1912. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka, kijana huyu alijiunga na kikosi cha wapanda farasi. Agosti 1915, juu ya kilima cha Chunuk Bair katika rasi ya Gallipoli, Uturuki, kombora lilimpofusha macho yote mawili. Umri wake ulikuwa miaka 20.

Jicho ni kitu kidogo mwilini, lakini askari aliye handakini hana budi kuinua kichwa apate kumwona adui. Kombora likipasuka hurusha chuma, mawe na mchanga. Kibanzi ambacho mkononi kingeacha mkwaruzo tu, kikiingia jichoni huleta giza la maisha.

Mackenzie alipelekwa London, katika nyumba ya St Dunstan's iliyofunguliwa mwaka 1915 na Arthur Pearson, mwenye magazeti aliyepofushwa na maradhi. Humo waliopofuka vitani walifundishwa kusoma kwa vidole, kupiga taipu, kushona viatu na kufuga kuku. Mackenzie alipohitimu alishika uhariri wa jarida la askari wa kwao. Mimi niliyezeeka katika kazi hii namvulia kofia. Aliporejea nyumbani aliingia Bungeni mwaka 1921, kisha akaongoza taasisi ya vipofu mjini Auckland. Mwaka 1935 alipewa cheo cha Sir.

Hadi hapo ni habari ya mtu shujaa, na mashujaa ni wengi. Linalonifanya nimwandike ni lililofuata. Jicho la askari lilihesabiwa: lilikuwa na malipo ya uzeeni, shule na heshima. Mkulima aliyepofushwa na ndui au trakoma alipewa bakuli la kuombea. Vita vya Pili vilimpeleka Mackenzie Dehra Dun, Bara Hindi, kuwafundisha askari wa Kihindi waliopofuka, naye akaona kuwa nje ya lango walikuwako vipofu wengine wasio na idadi.

Basi akaingia kazi ya UNESCO ya kuzipatanisha alfabeti za Braille. Mwaka 1951, katika mkutano wa Beirut, Kiarabu kilikubaliwa alfabeti moja ya nukta, isomwayo kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi mwana wa chuoni, niliyeanza alifu kutoka kulia, jambo hili lilinishangaza mwanzo. Lakini nawakumbuka vipofu wa vyuo vyetu. Walihifadhi Kurani kwa sikio wakatushinda sisi wenye macho. Ila mmoja wao akitatizwa na aya, sharti amngoje mwenye macho amfungulie msahafu. Nukta zile zilimwezesha kuufungua mwenyewe.

Katika miaka ya 1950 alikuja Uganda, akasaidia kuunda shirika la vipofu la huko. Wanafunzi wake walifundishwa kulima, kwa kuwa watu wao waliishi kwa shamba, na kipofu ajuaye jembe hali cha kuombwa. Alifariki mwaka 1966.

Siku hizi majeshi mengi huwavisha askari wao miwani migumu ya kuzuia vibanzi. Mama aliye sokoni na mtoto aliye karibu na dirisha la kioo hawana miwani hiyo, na bomu likianguka mjini wao ndio hupofuka. Tukihesabu majeruhi wa vita, na macho yao yahesabiwe. Mackenzie alimfundisha kipofu bila ya kumuuliza alipigana jeshi gani.