Ernst May

Ernst May (Frankfurt, 27 Julai 1886 – Hamburg, 11 Septemba 1970) alikuwa msanifu majengo na mpangaji miji wa Ujerumani aliyeishi Afrika ya Mashariki kwa takriban miaka 20.

Maisha

Tangu 1925 hadi 1930 alisimamia ujenzi wa makazi ya wananchi wa kawaida jijini Frankfurt, ambako zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000. Kwa kuwa nchi ile ni ya baridi na kupasha nyumba joto ni gharama, safu za nyumba zilipangwa ili kila familia ipate jua. Mtaa wa Römerstadt ulitumia umeme hata kwa kupikia, jambo geni wakati ule.

Mwaka 1930 alikwenda Umoja wa Kisovyeti. Alipomaliza kazi huko, Hitler alikuwa ameshashika madaraka, naye hakuweza kurudi kwao. Mwaka 1934 alifika Tanganyika akawa mkulima, kisha akafungua ofisi Nairobi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walimweka kizuizini kama Mjerumani, ingawa Wanazi walikuwa maadui zake.

Kazi katika Afrika

Jua alilolitafuta Frankfurt, huku ilimbidi alikwepe. Karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi likiwa chini, hata upenu wa paa hauwezi kulizuia. Ndiyo maana kuta ndefu hufaa zielekee kaskazini na kusini, zikiwa na baraza na madirisha ya kupitisha upepo. Kanuni hii haijapitwa na wakati: katika kata ya Chikongola mjini Mtwara, nyumba inayopokea kusi na kaskazi mara nyingi hutosheka na pangaboi la wati 75 hivi, lakini chumba kilichozibwa chini ya bati lisilo na dari hudai kiyoyozi cha wati 1,000 au zaidi.

Kati ya kazi zake ni jengo la chama cha ushirika cha KNCU mjini Moshi na Hoteli ya Oceanic ya Mombasa, iliyopinda kuikabili bahari. Mpango wake wa kupanua Kampala (1947) ulizingatia vilima na hewa, lakini uliwatenga wakazi kwa rangi, na hilo ni doa katika kazi yake.

Katika miaka ya 1950 alirudi Ujerumani, akashiriki kujenga upya miji iliyobomolewa na vita.