Maisha ya Mwalimu Jabavu wa Fort Hare

Katika kitabu hiki cha jubilei yafaa tuwakumbuke waalimu waliotutangulia, hata wale wa nchi za mbali, maana kazi yao na yetu ni moja. Mmoja wao ni Davidson Don Tengo Jabavu wa Afrika ya Kusini, Mfengu kwa kabila, aliyefundisha karibu miaka 30 mahali pamoja, akazeeka katika kazi hiyo.

Alizaliwa King William's Town tarehe 20 Oktoba 1885. Baba yake, John Tengo Jabavu, alikuwa mwalimu, kisha mwaka wa 1884 akaanzisha gazeti la Imvo Zabantsundu, lililosomwa na Waxhosa wengi. Basi mtoto alilelewa katika nyumba ya vitabu. Alisoma Morija katika nchi ya Basutoland, tena Lovedale. Baba yake akataka aingie Dale College, skuli iliyokuwa katika mji wao wenyewe. Akakataliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Lilikuwa jambo la uchungu kwa kijana, kwani mlango ulio karibu na kwao ulifungwa mbele yake, wala hakuwa na kosa.

Walakini baba hakukata tamaa. Mwaka wa 1903 alimpeleka ng'ambo, akasoma kwanza Colwyn Bay katika nchi ya Wales, kisha Chuo Kikuu cha London, akapata digrii yake mwaka wa 1912. Baadaye alijifunza ualimu Birmingham. Mwaka wa 1913 alivuka bahari mpaka Marekani, akaitazama kwa makini skuli ya Tuskegee ya Booker T. Washington, ambapo vijana walifundishwa elimu ya vitabu pamoja na kazi za mikono. Angaliweza kutafuta maisha ya raha ugenini. Yeye akarudi kwao.

Tarehe 8 Februari 1916 chuo cha Fort Hare kilifunguliwa karibu na mji wa Alice. Wanafunzi walikuwa 20, na waalimu wawili tu: Mkuu wa chuo, Alexander Kerr, na Jabavu. Huko Jabavu alifundisha Kixhosa, Kilatini na historia. Mwaka wa 1924 Z. K. Matthews alipata digrii, wa kwanza kuipata katika chuo hicho. Nelson Mandela naye alikuwa mwanafunzi wake, kijana asiyejulikana bado, ambaye mwaka wa 1994 alikuwa rais wa nchi.

Wala Jabavu hakudhani ya kuwa kazi ya mwalimu yaishia mlangoni mwa darasa. Aliwakusanya waalimu wenziwe katika chama, aliwaendea wakulima vijijini kuwafundisha kulima vizuri, aliongoza waimbaji, na Jumapili alihubiri katika kanisa la Wamethodisti. Mwaka wa 1935 serikali ilipokusudia kuwaondolea Waafrika wa Cape haki ya kupiga kura pamoja na Wazungu, watu walikutana Bloemfontein, wakamchagua awe kiongozi wa mkutano mkuu ulioitwa All African Convention. Walisema kwa adabu na kwa hoja, lakini mwaka wa 1936 sheria ilipita. Vijana wengine walimlaumu ya kuwa alikuwa mpole mno. Alistahimili lawama hizo, na kesho yake akaendelea kufundisha.

Nyumbani alikuwa mume na baba mwenye moyo. Mwaka wa 1916 alimwoa Florence Tandiswa, binti wa mchungaji Elijah Makiwane. Mama huyu naye alikuwa mtu wa kazi; mwaka wa 1927 alianzisha chama cha Zenzele, cha kuwafunza wanawake bustani, upishi na malezi ya watoto. Jabavu hakumzuia mkewe, wala hakuwanyima binti zake elimu, ingawa siku zile wengi waliona ni kazi bure kumsomesha binti. Binti yake Noni alipelekwa Uingereza angali mtoto wa miaka 13, akawa mwandishi wa vitabu. Tena alimheshimu mzazi wake: baba yake alipofariki mwaka wa 1921, alikuwa katika nyumba ya mwanawe huyu, na mwana akaandika kitabu cha maisha yake.

Mwaka wa 1944 alistaafu, akakaa Middledrift kati ya ndugu na jamaa. Hakukaa bure. Mwaka wa 1949 alisafiri kwenda Bara Hindi, kwenye mkutano wa watu wapendao amani, akapita katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Habari za safari hiyo aliziandika kwa Kixhosa katika kitabu cha mwaka wa 1951. Lakini uzee ulimletea misiba. Alifiwa na mkewe, na mwaka wa 1955 mwanawe mmoja wa kiume, Tengo, aliyekuwa akisomea uganga Johannesburg, aliuawa kwa risasi na wahuni. Mzee aliyewalea wana wa watu wengi alimzika mwana wake mwenyewe.

Alifariki mwaka wa 1959. Mwaka huohuo serikali ilitunga sheria ya kukitwaa chuo cha Fort Hare na kukitia chini ya amri zake za ubaguzi. Huenda mtu akasema kazi yake yote iliharibika. Sivyo. Majengo yaliweza kutwaliwa, lakini waliofundishwa walikuwa wamekwisha kutoka, wakitawanyika mahali pengi pamoja na yale waliyoyapokea.

Enyi waalimu wa skuli za vijijini, mishahara yenu ni midogo na shukrani ni haba. Mwalimu Jabavu alinyimwa nafasi katika skuli ya mji wake, akatumia maisha yake kuwapa wengine nafasi. Msimfukuze mtoto ambaye hana karo wala viatu mpaka mmemtafutia njia.