Kasa-Vubu: burugumesta wa Dendale mbele ya kuwa presidenti

Watu wengi hapa Oicha, na kwenye barabara ya Mbau mupaka Eringeti, wanajua jina la Joseph Kasa-Vubu kama presidenti wa kwanza wa Kongo. Wazee wanakumbuka pia kama ni yeye alimufukuza Lumumba. Lakini mbele ya kuwa mukubwa wa inchi, alikuwa mukubwa wa komini moja tu, na ni kwenye kiti kile cha komini ndipo inchi nzima ilianza kumusikia. Maulizo aliyoyakuta pale yanatuhusu hata leo: nani anapanga kodi, nani anashika ile franga, na nani anaamua itengeneze nini?

Kasa-Vubu alizaliwa Mayombe, katika jimbo tunaloita leo Kongo Central, kwenye miaka ya 1910. Alisoma kwa wamisionere, akaingia seminari ili awe padri, akafika mupaka seminari ya Kabwe, kule Kasai. Upadri haukufika. Akafundisha shule, kisha mwaka wa 1942 akapata kazi Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kama karani katika ofisi ya feza ya serikali ya koloni. Alikaa kwenye kazi hiyo miaka mingi. Karani Mukongomani aliweza kuandika hesabu vizuri sana, lakini kuamua matumizi ilikuwa kazi ya Wazungu.

Muji wenyewe ulikuwa kama miji miwili. Upande wa mutoni kulikuwa muji wa Wazungu, wenye barabara za lami na taa. Upande mwingine kulikuwa cité ya Weusi. Katikati Wabeleji waliacha eneo la kutenganisha, na ndani yake waliweka bustani ya miti, bustani ya wanyama na uwanja wa golf. Muangalie vizuri jambo hilo. Bustani, kitu ambacho kwa kawaida ni cha kupumuzisha watu wote, ilitumiwa kama ukuta. Usiku Mukongomani hakuruhusiwa kutembea ovyo upande wa Wazungu.

Kazi zingine za faida ya wote zilipangwa pia kule juu. Maji yalikuwa kwa Regideso, iliyoanzishwa mwaka wa 1939. Nyumba za cité mupya zilijengwa na ofisi ya serikali iliyoanza mwaka wa 1952. Mukaaji wa cité alilipa kodi, akapanga mustari kwenye bomba, lakini hakuwa na mutu wa kumuuliza.

Mwaka wa 1954 Kasa-Vubu alichaguliwa kuwa presidenti wa Abako, chama cha Wakongo cha kulinda luga na desturi. Miaka miwili kisha, watu wengine walitoa andiko la kuomba uhuru polepole, kwa miaka 30. Abako ilijibu kama hiyo ni mbali sana, uhuru wa kujitawala utolewe mara moja. Tangu siku hiyo chama hakikuwa tena cha luga tu.

Tarehe 26 Mwezi wa 3, 1957, Wabeleji walitoa sheria mupya ya miji. Kila komini ilipata baraza, burugumesta na budje yake. Tarehe 8 Mwezi wa 12, wanaume wa Léopoldville wenye miaka 25 na zaidi walipiga kura. Wanawake hawakupiga, hata kama ni wao walikuwa wanajaza soko. Abako ilipata viti vingi sana, na Kasa-Vubu akawa burugumesta wa komini ya Dendale.

Lakini juu ya maburugumesta wote kulikuwa burugumesta wa kwanza wa muji, Mubeleji aliyewekwa na serikali. Polisi haikuwa chini ya komini. Watu walikuwa wamechagua mutu, lakini mamlaka yalibaki palepale.

Siku ya kusimikwa kwake, tarehe 20 Mwezi wa 4, 1958, wakubwa walingoja hotuba ya kushukuru. Kasa-Vubu alishukuru kidogo, kisha akahesabu mbele yao mambo yaliyokosekana. Hakuna komisere wa polisi Mukongomani, hakuna ofisa Mukongomani katika jeshi. Akaomba uchaguzi wa inchi nzima na uhuru wa kujiongoza. Alipewa onyo, lakini hotuba ilikuwa imekwisha kufika kwenye makartye.

Tarehe 4 Mwezi wa 1, 1959, mukutano wa Abako ulikatazwa, na muji ukawaka. Serikali ilihesabu karibu wafu 50. Wengine wanasema walikuwa wengi zaidi. Kasa-Vubu alifungwa, kisha akapelekwa Ubeleji, akarudi Mwezi wa 5. Mwezi wa 6 mwaka wa 1960, Baraza la inchi lilimuchagua presidenti.

Kazi yake ya presidenti haikuwa ya sifa tupu. Tarehe 5 Mwezi wa 9, 1960, alimufukuza Lumumba, na huku mashariki kidonda hicho hakikupona haraka. Lakini chini yake pia inchi iligawanywa katika majimbo 21, na Kivu ya Kaskazini ilikuwa mojawapo. Katiba ya mwaka wa 1964 iliyapa majimbo nguvu kubwa. Haikudumu. Mobutu alipindua serikali tarehe 24 Mwezi wa 11, 1965, na mwaka uliofuata akapunguza majimbo mupaka 8. Kasa-Vubu alirudi kwao, akafa Boma tarehe 24 Mwezi wa 3, 1969. Komini ya Dendale inaitwa leo komini ya Kasa-Vubu.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya tarehe 7 Mwezi wa 10, 2008, inasema komini ina baraza la washauri waliochaguliwa na raia. Baraza ndilo linapitisha budje na kodi za komini, na ndilo linamuchagua burugumesta. Sheria hiyohiyo inasema sehemu ya 40 kwa mia ya franga ya taifa inayoachiwa jimbo ishuke kwenye miji, komini, sekta na sheferi. Huku kwetu vita na hali ya kijeshi iliyotangazwa mwaka wa 2021 vimefanya mazungumuzo hayo yakae nyuma. Mama wa soko anaendelea kulipa kila siku, na mara nyingi anabaki na jeto tu mukononi.

Kwa hiyo, wakati wa kura za komini ukifika, tusiulize tu nani atakaa kwenye kiti. Tuulize pia kiti hicho kitakuwa na funguo gani. Kasa-Vubu alipewa kiti, akaangalia, akakuta funguo ziko kwa mutu mwingine. Na alisema hivyo siku ya kwanza, mbele ya wenye kuzishika.