Wilbur Wright, mtoto wa askofu aliyetafuta usawa angani

Wengi wetu hapa Bukavu tumeona ndege ndogo zikishuka kuelekea Kavumu. Upepo wa ziwa na milima huziyumbisha, kisha hukaa sawa tena. Mmoja wa watu tunaopaswa kuwashukuru kwa jambo hilo ni Wilbur Wright.

Alizaliwa Marekani mwaka 1867. Baba yake, Milton, alikuja kuwa askofu wa Kanisa la United Brethren in Christ. Katika ujana wake Wilbur aliumia usoni mchezoni, akaacha mpango wa kwenda chuo kikuu. Akabaki nyumbani kumtunza mama yake, aliyeugua kifua kikuu hadi kufariki mwaka 1889. Baadaye, pamoja na mdogo wake Orville, alifungua duka la baiskeli mjini Dayton.

Mwaka 1896 Mjerumani Otto Lilienthal alikufa baada ya kuanguka na ndege yake isiyo na injini. Chombo hicho alikiongoza kwa kusogeza mwili wake tu. Wilbur akatambua kwamba shida kubwa haikuwa nguvu ya injini, bali usawa. Akawatazama ndege wa porini wanavyopinda ncha za mabawa yao. Mwaka 1899, akiwa ameshika sanduku la karatasi ngumu, alilipinda mikononi akaona jibu: bawa likipindwa, upande mmoja huinuliwa kuliko mwingine, na rubani hurudisha usawa.

Mwaka 1901 ndugu hao walipima maumbo ya mabawa yapatayo 200 ndani ya sanduku la kupitishia upepo. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk, waliruka mara nne. Mara ya mwisho Wilbur alikaa angani sekunde 59, akaenda mita 260 hivi.

Hata hivyo, ncha za mabawa yao ziliinama chini, na rubani hakuweza kupumzika hata kidogo. Mafundi waliofuata waliziinua kidogo. Bawa moja likishuka, ndege huteleza upande huo. Bawa la chini hupata nguvu zaidi ya kuinua, nalo hurudi juu.

Ndugu hao hawakuruka siku ya Jumapili. Wilbur alifariki kwa homa ya matumbo tarehe 30 Mei 1912, akiwa na miaka 45, bila mke wala mtoto. Lakini mgonjwa anayesafirishwa kwa ndege kutoka Shabunda, ambako gari hufika kwa shida, bado anafaidika na subira yake.