Ndovu wa Bibi Margarete

Mwanasesere wa kitambaa si jambo geni kwetu. Kila mtaa una bibi aliyewahi kufungafunga matambara akamtengenezea mjukuu kitu cha kuchezea, na wengi wetu tumesikia darsani habari ya Bibi Aisha (r.a.) na farasi wake aliyekuwa na mabawa mawili ya vitambaa. Lakini hawa wanyama laini wa madukani, wanaolazwa na watoto vitandani, wana historia yao, nayo yaanzia kwa binti mmoja wa Kijerumani asiyeweza hata kusimama.

Margarete Steiff alizaliwa tarehe 24 Julai 1847 katika mji mdogo wa Giengen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mjenzi. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa, na ilipomwacha miguu yote miwili ilikuwa imepooza na mkono wa kulia umelegea. Ilikuwa polio, na siku hizo hapakuwa na chanjo. Wazazi walihangaika naye kwa matabibu. Akiwa na miaka tisa alipasuliwa mjini Ludwigsburg, kisha akapelekwa Wildbad kwenye chemchemi za maji moto. Haikufaa kitu. Shuleni alikokotwa kwa kigari. Alipotimiza miaka 17 aliamua mwenyewe kwamba habari ya kutafuta dawa imekwisha.

Basi likabaki swali la riziki. Mwanamke asiyeolewa na asiyetembea, atakula nini wazazi wakishafariki? Alijifunza ushoni, ijapokuwa baba yake hakuamini kwamba mkono ule ungeweza kazi. Alifundisha pia kupiga zither, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya kanuni ya taarabu. Cherehani ilipopatikana, gurudumu lake lilikuwa upande wa kulia, nao mkono wa kulia haukuweza kulizungusha. Margarete aliigeuza cherehani nyuma mbele, akazungusha kwa mkono wa kushoto.

Mwaka 1877 alifungua duka la nguo za felti. Felti haifumwi, sufu hushindiliwa kwa maji moto na kusuguliwa mpaka ikashikana. Ukiikata haichomoki nyuzi, wala haihitaji pindo. Margarete alishona magauni ya ndani ya kuvaliwa wakati wa baridi, na biashara ikamwendea vizuri.

Kisha akaona katika jarida moja la mitindo mchoro wa ndovu mdogo. Alimkata katika felti, akamshona na kumjaza sufu ya kondoo, akawagawia jamaa zake wawe vimto vya kuchomekea sindano. Sindano hazikukaa sana. Watoto waliwanyakua ndovu wale wakaenda kuchezea! Na ukifikiri, si ajabu. Vitu vingi vya kuchezea siku zile vilikuwa vya mbao, bati au kaure; vyajeruhi, vyavunjika, wala havilaliki navyo. Ndovu wa felti aliweza kuumwa, kuangushwa na kukumbatiwa usiku kucha.

Kaka yake Fritz alichukua gunia la ndovu sokoni Heidenheim, wakanunuliwa. Kufikia mwaka 1886 walikuwa wameuzwa zaidi ya 5,000. Wakafuata punda, farasi na ngamia. Mwaka 1890 Fritz alimjengea nyumba yenye duka, na badala ya ngazi akaweka mteremko ili kiti cha magurudumu kipite. Mwenye haya maandishi anaona kwamba mteremko ule una sehemu kubwa katika habari hii kuliko inavyosemwa.

Watoto wa Fritz waliingia kazini mmoja mmoja. Richard, aliyependa kuchora wanyama, alibuni mwaka 1902 dubu wa manyoya ya mbuzi wa Angora, mwenye mikono na miguu inayogeuka. Inasemekana shangazi yake hakumpenda sana mwanzoni. Lakini katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1903 mfanyabiashara wa Marekani aliagiza 3,000. Wamarekani nao wana muuza duka wao wa Brooklyn, Morris Michtom, wanayemtaja kuwa wa kwanza. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Waigaji walipozidi, mwaka 1904 wanyama wa Steiff walianza kutiwa kifungo cha chuma sikioni.

Mwaka 1907 walitoka dubu 974,000. Kiwandani walikuwako wafanyakazi 400, na wengine 1,800 wakifanya kazi majumbani mwao. Wanaodarizi kofia hapa pwani, huku chungu kikichemka, wataelewa kazi hiyo ni ya namna gani.

Dubu hao walipewa jina la Teddy, lakabu ya Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, ambaye mwaka 1902 alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kamba huko Mississippi. Tarehe 21 Aprili 1909, urais umekwisha, Roosevelt huyo aliteremka Mombasa kutoka meli ya Kijerumani iitwayo Admiral, akaingia bara kuwinda. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, ndovu 11 wakiwamo. Siku kumi na nane baada ya meli ile kutia nanga, tarehe 9 Mei 1909, Margarete Steiff alifariki huko Giengen kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 61.