Aliyeiuliza Bahari Rangi Yake

Chama kimenipa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri. Mimi nimemchagua Chandrasekhara Venkata Raman wa India. Sababu nitaitaja mbele.

Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 mjini Tiruchirappalli, kusini mwa India. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia. Mwaka 1907 alimaliza shahada ya pili, lakini nafasi za kazi ya sayansi zilikuwa haba. Basi akaenda Calcutta kushika kazi ya uhasibu serikalini. Mchana alihesabu fedha. Asubuhi na jioni alikuwa maabara. Mwaka 1917 aliuacha mshahara mnono akawa profesa.

Mwaka 1921, akirudi kwa meli kutoka Uingereza, alivutiwa na buluu ya Bahari ya Mediterania. Siku hizo iliaminika kwamba bahari huazima tu rangi ya mbingu. Raman hakuridhika. Akachukua kipande cha fuwele maalumu, akauzuia mng'ao wa mbingu usimfikie jichoni. Kumbe maji bado ni ya buluu! Maji yenyewe hutawanya mwanga.

Akaendelea kuchunguza. Tarehe 28 Februari 1928, akisaidiana na K. S. Krishnan, alithibitisha kwamba mwanga ukipiga kitu, sehemu ndogo sana hutoka ikiwa imebadilika rangi. Kila kitu huubadilisha kivyake, mfano wa alama za vidole. Na walianza kwa mwanga wa jua tu! Mwaka 1930 alipata Tuzo ya Nobel, Mwasia wa kwanza kuipata katika sayansi. Alifariki Bangalore tarehe 21 Novemba 1970.

Sasa ile sababu. Nyanya yangu, hapa hapa Majoreni, aliugua muda mrefu. Hospitalini alikatwa kinofu cha nyama kikapimwe, nasi tukangoja. Majibu yalipokuja, kansa ilikuwa imeshaenea. Hatukukaa naye sana.

Leo wanasayansi humulika tone la damu, mate au mkojo kwa leza, wakasoma alama zile za Raman kutafuta dalili za saratani mapema. Hata katika Chuo Kikuu cha Nairobi wanafizikia wameichunguza damu kwa njia hii. Nisiwadanganye: bado ni utafiti, na kinofu hakijapata mrithi. Lakini safari hiyo ilianza kwa swali la rangi ya maji.

Wenzangu, bahari ni jirani yetu. Kwenye mikoko maji ni ya matope, mbele huko ni ya buluu. Nani kati yetu ameuliza kwa nini? Kuuliza si ujinga. Tuulize darasani, tuulize ufukweni, huenda nyanya ya mwingine akawahiwa.